Kopo la Dawa ya Mbio

Mlioniandikia barua za matusi baada ya niliyoyasimulia Jumapili iliyopita, nimezisoma zote. Sikatai hata tusi moja. Ila mliharakisha. Mngengoja muyasikie ya leo, mngeyaweka akiba yale makali.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa nyama: mimi ni Gerishom, fundi wa magari. Nilitoka Machakos nikafika Malindi mwaka wa 1984 na mkoba wa spana, mke, na njaa. Aliyenipokea ni Jefwa, fundi wa kutoka Kaloleni. Alitulaza kwake miezi minne, mkewe Kahonzi akatupikia, kisha Jefwa akaniombea kazi kwa Mzee Abdillahi, mwenye gereji.

Wema huo niliulipa kwa wivu. Mzee Abdillahi aliposema kwamba mwaka ukiisha Jefwa atakuwa fundi mkuu, sikulala. Nikaanza kutafuta njia ya kumshusha, na njia nikaiona ndani ya gari la Amin.

Amin alikuwa mwana wa pekee wa Mzee Abdillahi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuambiwa hapana na mtu anayekula chumvi ya babake. Alikuwa amelinunua gari la mbio kwa Mtaliano aliyerudi kwao. Gari jekundu, milango miwili, limelala chini kama kenge.

Niliishia pale alipofungua boneti akaniuliza mbele ya mafundi wote:

"Fundi Gerishom, hakuna dawa ya kulitia gari hili likaongeza mbio?"

Nami nikajibu, "Ipo."

Jefwa alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ikionekana. Akajitoa, akajifuta mikono.

"Dawa gani, Gerishom?"

"Mafuta ya ndege," nikasema. "Okteni yake iko juu kuliko ya supa, ile petroli ya bei kubwa. Ikiwa ndege inapaa kwa mafuta hayo, sembuse gari?"

Amin akapiga makofi. "Umesikia, Jefwa? Ndege inapaa!"

"Ndege inapaa kwa sababu ina mbawa," Jefwa akasema.

Mafundi wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

"Bwana Amin," Jefwa akaendelea, "okteni si nguvu. Okteni ni uvumilivu. Pistoni ikibana petroli duni, hiyo petroli huwaka yenyewe kabla ya wakati wake. Ndipo unasikia injini ikigonga. Petroli ya okteni kubwa huvumilia kubanwa mpaka plagi itoe cheche. Basi, kazi yake ni hiyo. Injini yako inabana sana, ndiyo maana yule Mtaliano alikuwa akiipa supa. Nawe ipe supa. Ukiipa zaidi, ni sawa na kumpakulia aliyeshiba sahani ya pili. Hatakimbia zaidi."

"Una wivu wewe."

"Sina wivu. Tupime kwa saa."

Jefwa aliazima saa ya kupimia mbio kwa mwalimu mmoja wa shule. Tukaenda kwenye barabara iliyonyooka pale Msabaha, tukachagua nguzo mbili za simu zilizoachana kama kilomita moja, gari lipite kati yake. Mzee Abdillahi mwenyewe akaja, akakaa ndani ya gari lake akiwa amefungua mlango.

Kwanza tulitia petroli ya regula, ile ya bei nafuu. Injini ikagonga kama kokoto ndani ya mkebe. Sekunde arubaini na moja.

Tukaimwaga, tukatia supa. Ikatulia. Sekunde thelathini na sita.

Kisha nikaleta kopo langu. Mafuta ya ndege nilikuwa nimeyapata kwa mlinzi wa kiwanja cha tajiri mmoja nje ya mji, aliyekuwa na ndege yake ndogo. Nikayachanganya na supa. Amin akaondoka kwa kishindo, akapita nguzo ya pili mkono umenyooshwa dirishani kama mshindi.

Sekunde thelathini na sita.

Akarudia. Thelathini na sita.

Mzee Abdillahi akaniangalia. Amin akaniangalia. Nilitamani ardhi inifiche.

Unajua Jefwa alisema nini? Hakunicheka. Alisema, "Mzee, Gerishom hakukosa kwa ubaya. Mafundi wengi husadiki hivyo, hata Mombasa."

Angenicheka ningemsamehe. Alinitetea, nikamchukia mpaka kwenye mifupa.

"Injini bado haijaizoea dawa," nikasema haraka. "Bwana Amin, nipe mpaka kesho kutwa. Ikishindwa, nifukuze."

Amin akakubali, kwa kuwa alitaka iwe kweli.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mzee Abdillahi na Amin walikwenda msikitini, Jefwa akaenda kununua vipuri. Nikabaki peke yangu na gari jekundu.

Kuna kitu ndani ya injini kinaitwa distributa. Ndiyo inayoiambia kila plagi itoe cheche wakati gani. Ukiilegeza ukaizungusha kidogo, cheche hutangulia. Mafundi husema moto umesogezwa mbele. Ukiusogeza kwa kiasi, injini hupata nguvu. Lakini petroli isiyo na uvumilivu haiwezi kustahimili. Injini itagonga, na ikigonga kwa mwendo mkali, pistoni huyeyuka kama mshumaa.

Mafuta ya ndege huvumilia. Kwa hiyo nikausogeza moto.

Palikuwa na alama nyeupe ya rangi ambayo Jefwa aliipiga kwenye distributa kuonyesha mahali pake. Nikaifuta, nikapiga nyingine pale nilipotaka mimi. Dakika tano, kazi imekwisha.

Jumamosi tukarudi Msabaha. Sekunde thelathini na tatu.

Jefwa akaitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. "Haiwezekani," akasema. "Turudie."

Thelathini na tatu tena.

Amin alishuka garini akicheka mpaka machozi. Akamwendea Jefwa, akamgonga kifua kwa kidole. "Uko wapi uvumilivu wako sasa? Eh? Tufundishe, mwalimu!"

"Bwana Amin, hebu nifungue boneti nitazame..."

"Hutatazama kitu. Vua shati."

Jefwa alidhani ni mzaha.

"Nimesema vua shati. Kuna wadudu wamekufa kwenye kioo changu. Wafute. Utajifunza kulitii gari."

Watu walikuwa wamesimama kando ya barabara, wanawake waliotoka sokoni na vikapu vyao. Jefwa, mtu wa miaka arubaini na mbili, mzee wa kanisa, alivua shati akafuta kioo. Aliporudi nilimpisha njia nikatazama chini. Mkitaka kujua kama nilisikia huruma, nilisikia. Ilidumu mpaka Mzee Abdillahi alipofungua kinywa.

"Jefwa mwanangu," mzee akasema kwa upole, "habari ile ya ufundi mkuu, tuiache kwanza."

Huruma ikanitoka.

Wiki hiyo mji mzima ulisikia habari za dawa ya mbio. Amin akalifungia gari kwao, asiliguse fundi ila mimi. Wenye mahoteli walikuja gerejini kuuliza. Nilijipa cheo: nikawa daktari wa magari. Na Amin, kwa kulewa sifa, akaapa mbele ya watu barazani kwamba Jumapili, saa mbili asubuhi, atatoka Malindi na kufika feri ya Kilifi kwa dakika thelathini kasoro. Kila mtu alijua barabara ile ilivyo. Wengine wakamwambia anasema uongo. Hapo ndipo wazo hilo lilipomshika kabisa.

"Fundi," akaniambia, "niandalie kopo kubwa. Na wewe utakaa kando yangu na saa."

Alhamisi nilikwenda kwa mlinzi wangu. Nilikuta kufuli mpya kwenye banda la mafuta, na mlinzi mpya aliyeniuliza nataka nini. Nikasema nimepotea njia.

Ijumaa hamna. Jumamosi hamna.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisome polepole. Ningeweza kuurudisha moto mahali pake. Dakika tano, kama nilivyousogeza. Gari lingekwenda kwa mwendo wake wa supa, Amin angechelewa feri kidogo, angekasirika, mimi ningeumbuka. Mwisho ungekuwa huo. Hakuna ambaye angelia.

Au ningesema ukweli.

Badala yake, Jumamosi mchana nilinunua mafuta ya taa dukani. Nikaponda naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo sandukuni, nikaviyeyusha humo ili harufu ya taa ifunikwe. Mafuta ya taa hayaongezi okteni. Huishusha. Ukiyachanganya na petroli, petroli hupoteza hata ule uvumilivu iliokuwa nao. Nililijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Nililijua vizuri zaidi kuliko ninavyoijua sala ya Baba Yetu.

Nikajiambia: itagonga kidogo tu. Itafika.

Jumapili asubuhi watu walikuwa wengi mbele ya gereji. Nikamimina kopo lote tangini mbele yao, kama kasisi anayebariki. Amin akavaa glavu. Akagonga kiti cha pembeni.

"Ingia, daktari."

Nikakitazama kile kiti. Nikaikumbuka alama nyeupe.

"Bwana Amin, tumbo linanikata. Tangu alfajiri. Sitaweza."

"Wewe! Leo?"

"Mchukue Jefwa. Saa anaijua. Na ni vizuri aone kwa macho yake."

Amin akalipenda wazo hilo kupita kiasi. "Ndiyo! Jefwa! Njoo ushuhudie!"

Jefwa alikuwa amekuja na nguo zake za kanisani. Alitaka kukataa, nikaona. Lakini alikuwa na watoto watatu na chumba cha kuishi nyuma ya gereji ya baba yake Amin. Akanikaribia, akanishika bega.

"Pole, ndugu yangu. Umekula nini? Pita kwa Kahonzi, mwambie akuchemshie tangawizi."

Akaingia. Akafunga mlango. Hakuna aliyemsukuma ila mimi.

Nilikwenda kwa Kahonzi. Mnaweza kuamini hivyo? Nilikwenda, nikakaa kwenye kigoda chake, nikanywa tangawizi yake. Aliniuliza kama gari lile ni salama.

"Ni salama," nikasema.

Nilikuwa kikombe cha pili lori la makaa liliposimama nje na dereva akaanza kupiga kelele. Gari jekundu limeingia shamba la mikorosho baada ya Matsangoni. Limejikunja kwenye mti. Kuna mtu ametolewa, kuna mtu hajatolewa.

Kahonzi hakulia. Alinipokonya kikombe mkononi, akakiweka chini taratibu, kisha akatoka mbio bila viatu.

Yaliyotokea njiani niliyapata kwa Amin mwenyewe. Alikuwa na jino moja lililovunjika na mkwaruzo wa paji la uso. Hayo tu. Alisema baada ya Gede injini ilianza kulia. Jefwa akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akapaza sauti: "Zima! Inagonga! Zima, Bwana Amin, inayeyuka hii!"

"Nikadhani ni wivu wake ule ule," Amin akasema. "Nikakanyaga zaidi."

Pistoni ikatoboka. Injini ikakwama ghafla, na magurudumu ya nyuma yakakwama nayo. Gari likageuka upande likiwa katika mwendo wa ndege, likaupiga mkorosho kwa ubavu wa kushoto. Ubavu wa Jefwa.

Jefwa alivunjika taya mara mbili. Mkono wake wa kulia, aliokuwa ameshikilia dirisha nao, ulibanwa kati ya mlango na mti. Madaktari waliukata juu ya kifundo.

Fundi. Mkono wa kulia.

Mabaki ya gari yalivutwa mpaka gerejini. Mzee Abdillahi, ambaye kwa siku mbili alionekana amezeeka miaka kumi, akaniita.

"Gerishom, Mwenyezi Mungu ameniachia mwanangu. Nataka kujua ni nini kilichotaka kumchukua. Fungua injini hiyo mbele yangu."

Nikaifungua. Nilipoinua pistoni ya tatu, ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Mzee akatia kidole ndani ya tundu hilo.

"Nini hufanya hivi?"

Ningeweza kusema hapo. Mungu alinipa mlango mwingine, akaufungua kwa upana.

"Moto umesogezwa mbele kupita kiasi, mzee," nikasema. "Tazama distributa. Alama ya zamani imefutwa, imepigwa mpya."

"Nani hupiga alama nyeupe katika gereji yangu?"

Nikainamisha uso, kama mtu anayeumia kusema.

"Nambie, Gerishom."

"Ni Jefwa, mzee. Sisi wengine hatuna rangi hiyo. Lakini sidhani..."

"Hudhani nini?"

"Sidhani alitaka kuua. Pengine alitaka tu dawa yangu ionekane mbaya. Aliaibishwa Msabaha, mzee, mbele ya wanawake. Na asubuhi ile, nisamehe kwa kumsema mgonjwa, alinuka pombe ya mnazi."

Jefwa alikuwa hajaonja mnazi miaka tisa.

Amin, aliyekuwa mlangoni, akaruka. "Baba! Ndiyo maana alipiga kelele nizime! Alijua! Alijua kwa sababu ni yeye!"

"Astaghfirullah," mzee akasema, akakaa juu ya tairi.

Mnaona ilivyokaa? Mtu alipiga kelele kuokoa maisha yao wote wawili, na kelele hizo zikawa ushahidi juu yake. Sikuhitaji kuongeza neno. Uongo wangu ulikuwa umepata miguu, ukatembea wenyewe.

Kwa nini alikubali kupanda gari aliloliharibu mwenyewe? Hakuna aliyeuliza. Mwenye hasira hahesabu.

Siku iliyofuata Mzee Abdillahi aliagiza chumba cha nyuma kiachwe wazi. Na nani aliyetumwa kuvitoa vyombo vya Kahonzi? Mimi. Nilibeba kitanda nilichokilalia miezi minne. Nilibeba sufuria nilizopikiwa. Kahonzi alisimama uani na mtoto mgongoni, akaniambia:

"Asante, shemeji. Mtu mwingine angevitupa."

Alihamia kwa binamu yake, Maweni, si mbali na kwangu. Na mimi nikapewa funguo za stoo. Fundi mkuu. Mke wangu Nduku hakufurahi kama nilivyotazamia. Alinitazama tu nikizitundika zile funguo ukutani.

"Baba Mueni," akauliza, "hiyo dawa yako ilikuwa na nini hasa?"

"Mafuta ya ndege. Nilishakwambia."

"Mm."

Akaendelea kuchambua maharagwe.

Nilikwenda hospitali mara moja, pamoja na Mzee Abdillahi, kwa kuwa nisipokwenda watu wangeshangaa. Jefwa alikuwa amefungwa taya kwa nyaya, hawezi kusema, anakunywa uji kwa mrija. Mzee alisimama mbali, akasema jambo moja tu: kwamba polisi wameshaandika maelezo ya Amin kuhusu moto uliosogezwa na alama iliyofutwa, na wanangoja atoke kitandani.

Jefwa alitikisa kichwa. Akatikisa tena na tena, sauti ikimtoka puani kama ya mnyama. Mzee akageuka akatoka nje. Hakuweza kuvumilia.

Tukabaki wawili. Nikainama kama ninayemnyooshea shuka. Nikamwambia sikioni:

"Hata ukipona, hakuna atakayekuamini. Jina langu usilitaje, nami nitahakikisha watoto wako wanakula."

Alinitazama. Sijui kuyaeleza macho yale. Hayakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama fundi anayeitazama injini iliyoletwa kwake ikiwa imekwisha, anayetafuta tu ni wapi palipoanza kuharibika.

Nikatoka.

Wiki tatu zikapita. Jumatano moja, saa kumi jioni, nilikuwa kwangu nimevua viatu. Kahonzi akabisha hodi.

Alikuja na kuku. Jogoo mweupe, amemfunga miguu. Akamweka chini mbele yangu.

"Shemeji, sina kitu kingine. Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya mume wangu. Watu wanasema alitaka kukuharibia jina, karibu amuue mwana wa watu. Mimi simjui mtu huyo wanayemsema. Lakini ikiwa ni kweli, nisamehe mimi na wanangu."

Nduku alikuwa jikoni. Nilisikia kisu kikisimama ubaoni.

"Mchukue kuku wako, Kahonzi," nikasema.

"Kuna jambo lingine." Akafungua fundo la leso, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Jefwa ameandika. Kwa mkono wa kushoto. Imemchukua siku mbili, jasho linamtoka. Amenionyesha kwa ishara nimpelekee mtu anayejua kusoma. Nikafikiri, niende kwa nani? Wewe ndiwe ndugu yake."

Nikaipokea.

Herufi zilikuwa kubwa na zimelala kila upande, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ziliandikwa hivi:

*Gerishom alisogeza moto. Alifuta alama yangu. Kopo la Jumapili ni mafuta ya taa nilinusa tulipokuwa njiani. Kiti kile kilikuwa chake. Wewe unayemsomea mke wangu msomee yote.*

Nikasoma mara moja. Nikasoma mara ya pili. Kahonzi alikuwa akinitazama usoni kama mtu anayengoja daktari aseme.

"Anasema nini, shemeji?"

Mlango wa tatu, ndugu zangu. Mpana kuliko yote.

"Anasema," nikaanza. "Anasema: 'Nisameheni. Kosa ni langu. Nilishikwa na hasira.'"

Kahonzi akafumba macho. Alikaa chini sakafuni, akajishika kichwa, na mwili wake wote ukanywea, kana kwamba mpaka dakika ile kuna kamba moja iliyokuwa imemshikilia, nami nimeikata.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Kumbe ni kweli. Na mimi nilikuwa nikigombana na watu kisimani."

"Pole," nikasema. Nikaanza kuikunja karatasi ili niitie mfukoni.

"Nipe, shemeji. Nitampelekea Mzee Abdillahi. Akiona amekiri mwenyewe, labda atawaambia polisi wamwachie."

"Nitaipeleka mimi."

"Nipe tu niishike kidogo. Ni mkono wake."

Akaichukua kutoka kwenye vidole vyangu kabla sijakaza. Akaikunjua magotini. Nilijua Kahonzi hajui kusoma. Nilichosahau ni kwamba tangu mwezi wa pili alikuwa akienda gumbaru, lile darasa la watu wazima kanisani, alasiri ya kila Jumanne. Walikuwa bado kwenye herufi tu.

Kidole chake kikapita juu ya mstari wa kwanza polepole.

"Shemeji."

"Naam."

"Maneno uliyosoma ni machache. Mbona hapa ni mengi?"

"Anarudiarudia. Mgonjwa."

Kidole kikarudi mwanzo, kikasimama. Midomo yake ikachezacheza.

"Hii ya kwanza kabisa, hii yenye tumbo. Si ndiyo *ge*? Tulifundishwa kwa mfano. Mwalimu alituambia, 'Ni ile inayoanza jina la mume wangu mimi, Gerishom.'"

Mwalimu wa gumbaru alikuwa Nduku.

Sikuwa nimemsikia akitoka jikoni. Alikuwa amesimama nyuma ya Kahonzi, bado ameshika kile kisu cha kukatia mboga, macho yake yako kwenye karatasi. Alikuwa ameshasoma. Nilijua kwa jinsi midomo yake ilivyokuwa imebadilika rangi.

Aliweka kisu juu ya meza. Akainama, akaichukua karatasi kutoka magotini mwa Kahonzi kwa upole kama anayemchukua mtoto aliyelala, akanyooka.

"Nduku," nikasema.

Hakunitazama kama mke anavyomtazama mume. Alininyooshea ile karatasi, Kahonzi akiwa chini kati yetu, akiinua macho kwake, kisha kwangu, kisha kwake tena.

"Baba Mueni," akasema, "utamsomea wewe tena, au nimsomee mimi?"